Sajenti York wa Pall Mall

Wengi wetu tulikimbia watu wenye bunduki, hivyo huenda mkashangaa kukuta maisha ya askari katika ukurasa huu. Msomeni kwanza.

Alvin York alizaliwa tarehe 13 Desemba 1887 kijijini Pall Mall, katika milima ya Tennessee, Marekani. Walikuwa watoto 11. Baba yao, mkulima na mhunzi, alifariki mwaka 1911. Shule Alvin aliipata miezi michache tu. Kulenga shabaha alijifunza kwa kuwinda, na pombe na ngumi alizizoea vilevile. Mwaka 1915 aliokoka, akaacha pombe, akatumika katika kanisa dogo lililofundisha kwamba Mkristo haendi vitani.

Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani. Mchungaji wake, aliyekuwa pia mwenye duka na posta, ndiye aliyeandikisha vijana wa kijiji. York aliomba asamehewe kwa ajili ya imani. Alikataliwa, kwa kuwa kanisa lake halikuwa na kanuni iliyoandikwa ila Biblia yenyewe. Kambini, Kapteni Danforth na Meja Buxton hawakumdharau, bali walikaa naye na Maandiko, aya kwa aya. Kisha wakampa likizo aende nyumbani akafikiri. Alipanda mlimani akaomba, akashuka ameamua kwenda. Si wote tutakubaliana naye hapo, lakini hakuamua kwa wepesi.

Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne, Ufaransa, watu 17 walitumwa kuzima bunduki za rashasha za Wajerumani. Sita waliuawa na watatu wakajeruhiwa. Koplo York akashika uongozi. Aliua watu zaidi ya 20, mpaka ofisa wa Kijerumani akaamuru wenzake wajisalimishe, na mateka 132 wakaletwa. Siku zote York alieleza kwamba alitaka kuzima bunduki hizo ili watu waache kufa. Kesho yake alirudi mahali pale kutafuta majeruhi. Hakukuta aliye hai, akawaombea waliokufa.

Alipewa Nishani ya Heshima, kubwa kuliko zote nchini mwake. Mwaka 1919 wafanyabiashara walimwahidi fedha nyingi atangaze bidhaa zao. Alikataa, akarudi kijijini akamwoa Gracie Williams. Akazunguka akihutubia na kuomba michango, ili watoto wa milimani wapate shule aliyoikosa yeye. Ilijengwa Jamestown, karibu na kwao. Filamu juu ya maisha yake aliikubali baadaye sana, akitaka fedha za kujenga shule ya Biblia; ilitoka mwaka 1941. Malipo yake yalimletea deni la kodi lililomsumbua miaka mingi.

Katika vita vya pili, yeye aliyeomba asamehewe alisimamia kamati ya kuandikisha vijana wa wilaya yake.

Mwaka 1954 alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 2 Septemba 1964, akazikwa Pall Mall. Shule ya Jamestown ingali inafundisha.