Joseph Thomson, Msomaji wa Mawe

Mwanafunzi, ukifika ufukweni Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chota mchanga kidogo uutazame mkononi. Utaona chembe nyeupe zing'aazo kama kioo, na vipande vyembamba vya ulanga vinavyometameta. Juu yako imesimama Milima ya Livingstone. Mvua na vijito vimeimenya milima hiyo, na mchanga huo umetoka humo. Sasa nenda magharibi hadi Mto Kiwira, unaoteremka kutoka upande wa Mlima Rungwe. Huko utakuta chembe nyingi nyeusi, maana Rungwe ni mlima wa volkano. Hivyo mchanga hubeba alama ya mlima uliouzaa.

Mwaka 1879 alifika katika nchi hii kijana aliyezoea kuyachunguza mawe tangu utoto wake. Jina lake Joseph Thomson.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi, na baadaye aliendesha chimbo la mawe huko Gatelawbridge. Mawe ya chimbo hilo ni mekundu, nayo yamefanywa kwa mchanga. Zamani sana mahali hapo palikuwa jangwa. Upepo ulirundika mchanga tabaka juu ya tabaka, nao ukashikamana ukawa mwamba. Joseph alifanya kazi chimboni humo, kisha akaenda kusoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwezi Mei 1879 aliondoka Dar es Salaam pamoja na Keith Johnston, mkuu wa msafara. Mwezi uliofuata Johnston aliugua, akafa huko Behobeho. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Angaliweza kurudi pwani, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Akaamua kuendelea. Vitabu vingi humsifu yeye peke yake, lakini msafara uliongozwa njiani na Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Bila Chuma na wapagazi wake, kijana huyo asingalifika mbali.

Mwezi Septemba walishuka kutoka nyanda za juu wakafika ncha ya Ziwa Nyasa. Thomson alizistaajabia nyumba safi za Wanyakyusa na migomba yao, akayaangalia pia mawe ya volkano ya nchi hiyo. Kutoka hapo alikwenda hadi Ziwa Tanganyika, akarudi pwani mwaka 1880.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri kutafuta makaa ya mawe. Meli za Sultani zilikuwa za moshi, na makaa yalinunuliwa kutoka mbali. Ilikuwa imesemwa kwamba yapo karibu na Mto Ruvuma. Thomson alikwenda, akayaona mawe hayo meusi. Lakini rangi si ushahidi. Makaa halisi huungua yakabaki majivu machache. Haya yalikuwa tope la kale lililogandamana, lenye mafuta kidogo ndani yake. Ukilitia motoni huwaka kidogo tu, nalo hubaki jiwe kama lilivyokuwa. Kumpa tajiri wako habari kama hizo si jambo jepesi. Thomson alimweleza Sultani ukweli, naye Sultani hakufurahi hata kidogo.

Ajabu ni kwamba makaa halisi yapo katika bonde la Songwe na Kiwira, si mbali na ufuko ule ule aliofikia Thomson mwaka 1879! Yamelala kati ya tabaka za mawe ya mchanga zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Mchanga huo uliletwa na mito ya kale, iliyotiririka kabla Ziwa Nyasa halijakuwapo.

Je, tutajuaje mito hiyo ilitoka milima gani? Siku hizi wanajiolojia hulisaga jiwe la mchanga na kutenga chembe ndogo sana za madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni ni ngumu. Haiharibiki upesi inaposukumwa na maji. Ndani yake mna urani, ambayo hugeuka kuwa risasi polepole mno. Kwa kupima vitu hivyo viwili hupatikana umri wa chembe. Miamba mingi ya Milima ya Livingstone, kwa mfano, ina umri wa karibu miaka milioni 2,000. Chembe ikiwa na umri huo, yafaa kuulizwa kama haikutoka katika miamba ya namna hiyo. Thomson hakuwa na chombo cha kupimia hivyo. Alikuwa na nyundo na macho yake.

Mwaka 1883 na 1884 alipita katika nchi ya Wamasai, na swala tomi amepewa jina lake. Safari nyingi zilimdhoofisha. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na umri wa miaka 37.

Kazi ya kufanya: Leta mchanga kutoka mito miwili tofauti. Usiingie mtoni peke yako, mamba wapo. Uoshe, uanike, kisha uutandaze juu ya karatasi nyeupe. Hesabu chembe nyeusi, nyeupe na za ulanga katika kila fungu. Mwulize mwalimu au wazee mito hiyo inaanzia wapi.