Martha Jefferson Randolph: Binti Aliyeshika Nafasi ya Mama wa Taifa

Cheo cha Mama wa Taifa aghalabu huhusishwa na mke wa rais. Hata hivyo, historia ya Marekani inao mabinti kadhaa waliolazimika kuliziba pengo hilo baba zao walipoingia Ikulu bila wake. Wa kwanza miongoni mwao alikuwa Martha Jefferson Randolph.

Martha alizaliwa tarehe 27 Septemba 1772 katika shamba la Monticello, jimboni Virginia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa nchi hiyo. Mwaka wa 1782, akikaribia kutimiza miaka kumi, alifiwa na mamaye. Tangu hapo baba na bintiye wakawa kama chanda na pete. Jefferson alipotumwa Ufaransa mwaka wa 1784, alisafiri naye na kumsomesha katika shule ya watawa wa Kikatoliki jijini Paris. Yasemekana kuwa binti huyo alipotamani kuwa mtawa, babaye hakumkaripia. Alimwondoa tu shuleni, nao wakarejea nyumbani mwaka wa 1789.

Mwezi wa Februari 1790 Martha aliolewa na Thomas Mann Randolph, ambaye baadaye alikuwa mbunge na gavana wa Virginia. Walijaliwa watoto kumi na wawili, na kumi na mmoja kati yao wakafikia utu uzima.

Jefferson alitawala kuanzia 1801 hadi 1809, akiwa mjane. Mara nyingi Dolley Madison, mke wa waziri wake wa mambo ya nje, ndiye aliyemsaidia kuwakaribisha wageni. Martha, aliyekuwa na mji wake wa kuuangalia, alifika Ikulu kwa misimu miwili. Katika majira ya baridi ya 1802 na 1803 alikuja pamoja na Maria, nduguye. Maria alifariki mwaka wa 1804, na msimu wa pili, ule wa 1805 na 1806, ukamkuta Martha akiwa binti pekee aliyesalia. Ni katika msimu huo alipojifungua James katika Ikulu hiyo.

Baba alipostaafu, Martha alihamia Monticello na kuwa msimamizi wa nyumba iliyofurika wageni na madeni. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha deni la zaidi ya dola 100,000. Mnamo Januari 1827 mnada uliitishwa, na tangazo lake likataja watumwa 130. Familia zilizokuwa zimemtumikia Martha miaka mingi zikatawanywa ili deni la babaye lilipwe. Naye, aliyewahi kuwa mwenyeji wa Ikulu, akaishi kwa kutegemea watoto wake na dola 10,000 alizopewa na kila moja ya majimbo ya South Carolina na Louisiana. Monticello yenyewe iliuzwa mwaka wa 1831.

Suala la utumwa lilimgusa kwa karibu zaidi ya hapo. Sally Hemings, mtumwa wa nyumba hiyo, alikuwa dada wa mamake Martha kwa baba mmoja. Kwa desturi zetu, angemwita mama mdogo. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998, pamoja na ushahidi wa kihistoria, umewafanya wanahistoria wengi kukubali kuwa Jefferson alizaa na Sally. Martha alilikana jambo hilo, na aila yake ikashikilia msimamo huo kwa vizazi. Hata hivyo, baada ya kifo cha babaye alimruhusu Sally kuishi kama mtu huru mjini Charlottesville, bila hati rasmi ya uhuru.

Martha aliaga dunia tarehe 10 Oktoba 1836, akazikwa Monticello karibu na babaye. Maisha yake yote aliyatoa kulinda jina la mzazi wake. Utiifu huo ulimpa heshima, lakini gharama yake ililipwa pia na watu ambao hawakuulizwa, wakiwemo wa damu yake mwenyewe.