Timothy Sullivan

Timothy Daniel Sullivan (23 Julai 1862 – 31 Agosti 1913), aliyejulikana zaidi kwa jina la Big Tim kutokana na umbo lake kubwa, alikuwa mwanasiasa wa chama cha Democratic katika jiji la New York, Marekani. Anakumbukwa hasa kwa sheria ya mwaka 1911 inayoitwa kwa jina lake, iliyomtaka kila mkazi wa jimbo la New York kuwa na leseni ili amiliki bastola. Mabishano juu ya sheria hiyo yamedumu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Maisha ya awali

Sullivan alizaliwa katika mitaa ya maskini ya Manhattan, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Baba yake alifariki Timothy akiwa bado mdogo, na baba wa kambo aliyefuata alikuwa mlevi na mkali. Mama yake alifua nguo za watu ili kulisha watoto. Timothy alianza kazi utotoni: kung'arisha viatu na kuuza magazeti barabarani. Alipofikia umri wa miaka ishirini na kitu tayari alimiliki baa, ingawa yeye mwenyewe hakunywa pombe wala kuvuta sigara. Udhaifu wake ulikuwa kamari.

Siasa

Mwaka 1886 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Baadaye alikuwa seneta wa jimbo (1894–1902 na tena 1909–1912), na kati ya hapo alikaa miaka michache katika Baraza la Wawakilishi la Marekani mjini Washington, kazi ambayo haikumvutia sana. Nguvu zake zilitoka Tammany Hall, mtandao wa chama uliotawala siasa za New York kwa kuwapatia wahamiaji kazi, makaa ya mawe na msaada mahakamani, nao wakalipa kwa kura.

Kila Krismasi alilisha maelfu ya watu wasio na makazi katika mtaa wa Bowery, na kila majira ya baridi aligawa viatu. Mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi, mwalimu aliona viatu vyake vimepasuka akamtafutia vipya. Upande wa pili, wapinzani wake walimshtaki hadharani kwamba alikula fedha za nyumba za kamari na madanguro, na kwamba magenge ya vijana yaliwatisha wapiga kura kwa faida yake. Alikana daima. Kwamba viongozi wa magenge kama Monk Eastman na Paul Kelly walitumika siku za uchaguzi, hilo wanahistoria wengi wanakubali.

Sheria ya Sullivan

Agosti 1910 meya wa New York, William Jay Gaynor, alipigwa risasi ya shingo akiwa kwenye meli bandarini. Alipona, lakini risasi haikutolewa. Tarehe 23 Januari 1911 mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi kadhaa karibu na Gramercy Park na mtu aliyeamini kwamba riwaya zake zilidhalilisha familia yake. Muuaji alijiua papo hapo, na Phillips alifariki kesho yake. Wakati huo bastola ndogo ziliuzwa kwa bei nafuu, na ofisi iliyochunguza vifo vya ghafla jijini ilidai hatua zichukuliwe.

Sullivan aliupeleka muswada katika Seneti ya jimbo, ukapita kwa urahisi. Kuanzia mwisho wa Agosti 1911, kumiliki bila leseni silaha inayoweza kufichwa mwilini kulikuwa kosa dogo, na kuibeba kwa siri bila leseni kukawa kosa kubwa la jinai. Bunduki ndefu za kuwindia hazikuguswa.

Sababu zake zilibishaniwa tangu mwanzo. Waliomuunga mkono waliona mtu ambaye wapiga kura wake ndio waliouana mitaani. Wengine walisema alitaka kuwapa polisi, waliokuwa chini ya ushawishi wa Tammany, njia ya kumkamata yeyote asiyetii. Ilisemekana kwamba baadhi ya wahuni walishona mifuko yao ili polisi wasiweze kuwatilia bastola. Hofu ya Wamarekani wengi kuhusu wahamiaji kutoka Italia nayo ilichangia: mmoja wa watu wa kwanza kufungwa alikuwa kibarua Mwitalia aliyesema alibeba bastola kujikinga na wahalifu. Inashangaza pia kwamba mwaka 1889 Sullivan huyo huyo alipinga vikali muswada wa kuwaongezea polisi uwezo wa kukamata watu.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1912 alimsaidia Frances Perkins, aliyekuja kuwa waziri wa kwanza mwanamke wa Marekani, kupitisha sheria ya kuwawekea wanawake wa viwandani kikomo cha saa 54 za kazi kwa wiki. Sullivan alikuwa ameshaondoka kwenda kupanda meli ya kurudi nyumbani, akarejea bungeni mbio kupiga kura. Aliunga mkono pia haki ya wanawake kupiga kura.

Mwaka huo huo akili yake ilianza kuharibika, na mahakama ikamtangaza kuwa hawezi kusimamia mambo yake. Alichaguliwa tena kwenda Washington lakini hakuweza kushika kiti. Usiku mmoja mwishoni mwa Agosti 1913 aliwatoroka walinzi wake akagongwa na treni. Maiti ilikaa mochwari karibu wiki mbili bila kutambuliwa, na ilikuwa karibu kuzikwa katika makaburi ya wasio na ndugu, hadi polisi mmoja alipoitazama. Maelfu ya watu walifuata jeneza lake.

Sheria baada yake

Mwaka 1913 sheria ilirekebishwa: anayetaka kubeba bastola kwa siri alipaswa kuonyesha sababu ya kutosha. Sharti hilo lilidumu hadi Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ilipolifuta kwa kura 6 dhidi ya 3, ikisema linavunja haki ya kikatiba ya kubeba silaha. Siku chache baadaye bunge la New York lilipitisha sheria mpya inayotaja maeneo ambako bastola haziruhusiwi. Leseni yenyewe bado inahitajika.