Livingstone Kabambare: mpima nyota ambaye saa zake zilikufa

Katika Maniema ya kusini, wengi wanalijua jina la David Livingstone kama jina la mmisionari na msafiri. Wachache wanajua kwamba usiku alikuwa mpima nyota, na kwamba vipimo hivyo ndivyo vilivyowafanya wataalamu wa Ulaya waamini safari zake. Maisha yake yana somo kwa vijana wa Kasongo na Kabambare wanaopiga picha za mwezi na nyota kwa simu zao, na ambao wanasikia kwamba kuna mashindano ya kimataifa ya picha za anga.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha pamba. Alisoma usiku, baadaye akajifunza udaktari na dini, na mwishoni mwa 1840 akapanda meli kuelekea Afrika ya Kusini. Safari ilichukua miezi, na melini nahodha alimfundisha kutumia sekstanti, chombo cha kupima urefu wa jua au nyota juu ya upeo wa macho.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Cape Town. Mwaka 1852 Livingstone alikaa mjini humo na kufundishwa naye namna ya kupima vizuri. Tangu hapo, kila alipopata njia ya kupeleka barua, alimpelekea Maclear hesabu zake ili zikaguliwe. Hakuficha hesabu wala hakuzipamba. Aliandika alichokiona, akamwachia mwingine kazi ya kusahihisha.

Heshima ilifuata. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa zawadi ya fedha kwa kufika ziwa Ngami mwaka 1849, na mwaka 1855 likampa medali ya dhahabu. Mwaka uliofuata alimaliza kuvuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane. Msafiri aliyerudi na hadithi tupu hakuaminiwa. Aliyerudi na latitudo, longitudo, tarehe na saa, ramani yake ilichorwa.

Saa moja, kilometa nyingi

Kupata latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, si kazi ngumu sana. Unapima nyota inapofika juu kabisa, kisha unaangalia kitabu. Longitudo ndiyo taabu, kwa sababu inatokana na tofauti ya saa. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa moja. Kabambare iko karibu nyuzi 27.7 mashariki ya Greenwich, pale London, kwa hiyo jua linafika katikati ya anga ya Kabambare saa moja na dakika 51 hivi kabla ya kufika katikati ya anga ya Greenwich.

Msafiri alibeba saa maalumu, kronomita, iliyoshika saa ya Greenwich. Saa hiyo ikikosea dakika 1 tu, karibu na ikweta mahali panahama kilometa zipatazo 28 kwenye ramani. Kulikuwa na njia ya pili, ya kupima umbali kati ya mwezi na nyota, lakini hesabu zake ni ndefu na zinadai anga safi na mkono usiotetemeka.

Safari ya mwisho ya Livingstone ilianza 1866 kutoka Zanzibar. Alitafuta chanzo cha mto Nile. Mapema 1867 mpagazi aliyebeba kronomita alianguka njiani, saa zikabadilisha mwendo wake, na longitudo zikapotoka. Wakati huohuo sanduku la dawa liliibwa. Tangu hapo alisafiri bila dawa, na saa hazikuaminika tena.

Miezi ya Kabambare

Alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Alijaribu kwenda magharibi kufikia Lualaba, akarudi. Akajaribu kwenda kaskazini, na katikati ya 1870 watu wake karibu wote wakamwacha. Walibaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mwezi wa Julai alirudi Kabambare akichechemea, miguu imejaa vidonda, akakaa ndani siku zipatazo 80.

Mwaka huo wa 1870 kronomita zake zote zilikuwa zimekufa. Latitudo angeweza kuipata, lakini umbali wake kutoka Greenwich hakuweza tena kuushika. Hata tarehe zilimpotea: alipokutana na Stanley huko Ujiji mwaka 1871, madaftari ya watu hao wawili hayakupatana juu ya siku ya mwezi.

Karatasi na wino viliisha pia. Aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, akikatiza mistari ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mimea ya huku kwetu. Februari 1871, siku chache kabla ya kuondoka Kabambare, aliandika barua kwa rafiki yake Horace Waller.

Mwisho wa Machi alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, katika wilaya ya Kasongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa Kiarabu wakifyatua risasi sokoni. Mamia ya watu waliuawa au walizama mtoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Alivunjika moyo, akaacha mpango wa kufuata mto, akarudi mashariki. Njiani, mwezi wa Agosti, msafara wake ulishambuliwa kwa mikuki msituni, na katika vurugu hiyo mzigo wenye darubini yake ulitupwa. Haukupatikana.

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, madaftari yake na vyombo vyake hadi pwani. Huko Tabora walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, ambaye alichukua baadhi ya vyombo hivyo vya kupimia na kuendelea na safari yake. Agosti 1874 Cameron alifika Nyangwe, akapima kimo cha Lualaba, akakuta uko chini kuliko Nile pale Gondokoro. Maji hayapandi mlima: Lualaba haikuwa Nile. Livingstone alikuwa amekosea, lakini njia ya vipimo aliyoiamini ndiyo iliyomsahihisha. Mwaka 1876 Cameron naye alipewa medali ya dhahabu.

Picha ilifufua maneno

Kwa nini Livingstone hakupiga picha za nyota? Kamera zilikuwapo, ndugu yake Charles alipiga picha katika safari ya Zambezi. Lakini vioo vya picha vya wakati huo vilikauka upesi, na nyota zinahitaji muda mrefu. Mambo yalibadilika 1882, pale pale Cape Town, katika kituo cha Maclear. David Gill, mkuu mpya, alipiga picha ya nyota kubwa yenye mkia, akashangaa kuona nyota nyingine nyingi zimeingia katika picha. Kuanzia hapo anga ya kusini ilianza kuhesabiwa kwa picha.

Picha ilimrudia Livingstone pia. Wino wake wa Maniema ulififia hadi maandishi hayakusomeka. Wataalamu walizipiga kurasa hizo picha nyingi chini ya mwanga wa rangi mbalimbali, pamoja na mwanga usioonekana kwa jicho, kisha kompyuta ikaunganisha picha hizo. Wapiga picha wa anga hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Barua ya Kabambare ndiyo ilianza, mwaka 2010. Mwaka 2011 ikafuata daftari ya Nyangwe. Hapo ilionekana kwamba habari za mauaji ya Nyangwe zilizotolewa katika kitabu mwaka 1874 zilitoka katika maandishi ambayo Livingstone mwenyewe aliyaandika upya, na kwamba daftari ya kwanza ilitofautiana nayo. Daftari ya kwanza isingehifadhiwa, tungebaki na habari iliyokwisha kunyooshwa.

Kwa kijana anayetaka kushindana

Hapa ndipo maisha ya mzee huyu yanapogusa mashindano ya leo. Mashindano yanayojulikana sana ya picha za anga yanaandaliwa kila mwaka, tangu 2009, na kituo cha Greenwich, ambacho saa yake Livingstone hakuweza tena kuishika akiwa mbali. Kuna kundi la vijana, na kumekuwa na tuzo yenye jina la Annie Maunder, iliyowapa nafasi wanaotengeneza picha kutokana na data za wazi za darubini kubwa, bila kuwa na darubini yao.

Kabambare haikosi anga. Iko chini kidogo ya ikweta, kwa hiyo nyota za kusini na nyingi za kaskazini zinaonekana. Mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, sehemu angavu ya Njia ya Maziwa inapita juu kabisa jioni. Chagua usiku usio na mwezi, weka simu juu ya kitu kisichotikisika, zima taa yake, fungua kamera kwa sekunde 10 hadi 30 kama simu inaruhusu. Piga uani nyumbani. Usalama ni kwanza, picha baadaye.

Kisha andika mahali, tarehe, saa na chombo ulichotumia. Simu ya leo inakupa bure saa na mahali ambavyo Livingstone alivikosa. Tunza faili ya kwanza kabla ya kuinyoosha, maana waandaaji wanaweza kuidai, na eleza wazi ulichokibadilisha. Livingstone alikosea kuhusu mto, akapoteza darubini na hata tarehe, lakini karatasi zake zilihifadhiwa, na kwa sababu hiyo makosa yake yanajulikana na kazi yake bado inasomwa.