Maumivu Hayabishi Hodi: Maisha ya Mama Zélie Martin



Siku ya arusi tunaahidi mbele ya padre kwamba tutakuwa waaminifu katika raha na taabu, katika afya na ugonjwa. Kwaya inaimba, akina mama wanapiga vigelegele, na lile neno ugonjwa linapita upesi kinywani. Miaka inakuja ambapo neno hilo linakuwa mtu aliyelala kitandani, tena mtu tunayempenda. Hapo ndipo nyumba nyingi hugundua kwamba maumivu na mateso si kitu kimoja.

Maumivu ni lile pigo lenyewe: titi linalouma, mtoto aliyefariki, kazi iliyopotea. Huja bila kubisha hodi, na mara nyingi hatuna uwezo wa kuyazuia. Mateso ni yale ambayo moyo hufanya baada ya pigo. Moyo huuliza kwa nini mimi, hutafuta wa kulaumiwa, huogopa kesho, hujifungia ndani usiseme na mtu. Ndiyo maana watu wawili waweza kupatwa na maumivu yale yale, mmoja akawa mchungu kama shubiri, na mwingine akabaki mtu ambaye wengine wanapenda kukaa karibu naye.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua juu ya jambo hili mwaka 1984, iitwayo Salvifici Doloris. Alitofautisha kuumwa kwa mwili na kuteseka kwa roho, akafundisha kwamba mtu anaweza kuunganisha mateso yake na yale ya Kristo, yakawa na maana. Mafundisho haya ni mazito. Huwa mepesi kidogo tunapomwona mtu aliyeyaishi nyumbani kwake, kati ya sufuria na watoto. Basi leo tumwangalie Mama Zélie Martin wa Ufaransa, ambaye wengi wetu tunamjua tu kama mama yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Fundi wa saa na mfumaji wa lesi

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, katika mkoa wa Normandy. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kisha askari wa polisi. Mama yake alikuwa mtu mkali sana, na utoto wa Zélie haukuwa na furaha nyingi. Alipokuwa msichana aliomba kuwa mtawa katika mji wa Alençon, akakataliwa. Akajifunza kufuma lesi, kazi ya sindano iliyoufanya mji huo ujulikane, na akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alianza biashara yake mwenyewe. Wanawake walifuma vipande majumbani mwao, wakamletea kila Alhamisi, naye akaviunganisha kwa ustadi mkubwa.

Mwaka 1858 aliolewa na Louis Martin, fundi wa saa wa mji huo huo. Walifunga ndoa tarehe 13 Julai, usiku wa manane, katika kanisa la Mama Yetu la Alençon. Louis alikuwa mpole na mtulivu, mpenda kuvua samaki. Zélie alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi wa wasiwasi pia. Tuliseme hili wazi, kwa sababu tunapenda kudhani kwamba watakatifu walizaliwa na mioyo isiyotikisika. Mama huyu alikuwa na hofu zake, na mara nyingi mume wake ndiye aliyemtuliza.

Makaburi manne

Walipata watoto tisa. Katika muda usiofika miaka minne, walizika wanne. Joseph wa kwanza alifariki Februari 1867, akiwa na miezi mitano. Joseph wa pili alifariki Agosti 1868. Baba mzazi wa Zélie naye alifariki mwaka huo huo. Hélène, msichana mchangamfu wa miaka mitano, aliondoka Februari 1870. Mélanie-Thérèse alizaliwa Agosti 1870, akakabidhiwa kwa mama wa kunyonyesha ambaye hakumtunza, akafa Oktoba akiwa hajafikisha miezi miwili.

Mama aliyepoteza mtoto anajua kwamba hakuna maneno ya kulingana na uchungu huo. Zélie alilia, tena sana. Kulikuwa na watu waliomwambia kwamba ingekuwa heri asingewazaa watoto hao kabisa. Hakukubali neno hilo. Aliamini kwamba watoto wake wako hai kwa Mungu na kwamba atawaona tena, na kwa hiyo taabu ya kuwalea haikupotea bure.

Tazameni tofauti hapa. Maumivu yake yalikuwa yale yale ya mama yeyote. Lakini hakuongeza juu yake ule mzigo wa kusema kwamba maisha ya mtoto yalikuwa kosa, wala hakumgeukia mume wake na kumfanya mshtakiwa. Katika nyumba zetu ni mara ngapi msiba wa mtoto unafuatwa na msiba wa pili, yaani mke kumlaumu mume, mume kumlaumu mke, na jamaa wa pande zote mbili kuchochea moto?

Januari 1873, Zélie akiwa na miaka 41, alizaliwa mtoto wa mwisho, Thérèse. Mama hakuweza kumnyonyesha, na mtoto akadhoofika mpaka karibu kufa. Baada ya yaliyompata Mélanie-Thérèse, mtu angeelewa kama angeogopa kumpa mnyonyeshaji mwingine. Hata hivyo Zélie alitembea kwa miguu mpaka kijiji cha Semallé kumtafuta mwanamke aliyemwamini, Rose Taillé, naye akamwokoa mtoto. Hofu ilikuwepo, lakini haikupewa usukani.

Mishipi iliyopelekwa darini

Tangu mwaka 1865 Zélie alikuwa akisikia maumivu katika titi moja, akamwandikia kaka yake Isidore, ambaye baadaye alikuwa mwuza dawa mjini Lisieux. Wakati huo hakufanyiwa matibabu yoyote ya maana. Ilipofika Desemba 1876 uvimbe ulikuwa mkubwa. Daktari wa Alençon hakumficha kwamba dawa haitasaidia. Zélie alisafiri mpaka Lisieux kuonana na daktari mpasuaji, naye akaona kwamba wakati wa kupasua umepita. Ilikuwa saratani.

Zélie aliiambia familia yake ukweli. Louis aliangushwa kabisa na habari hiyo. Mtu huyu aliyependa kuvua samaki aliichukua mishipi yake akaiweka darini, wala hakutaka tena kwenda kukutana na marafiki zake.

Wanaume wenzangu, tukae hapo kidogo. Kansa ilikuwa katika mwili wa Zélie, lakini katika siku hizo za kwanza aliyeonekana kuzama zaidi ni Louis, ambaye mwili wake haukuuma. Hatuwezi kumlaumu, huo ulikuwa upendo. Lakini inatuonyesha kwamba mateso huweza kukaa kwa mtu mwenye afya, na kwamba mgonjwa wakati mwingine hubeba mizigo miwili, ugonjwa wake na huzuni ya wale wanaomwangalia. Zélie aliliona hilo. Akaendelea na lesi zake, akaandika barua, akajaribu kuwachangamsha watu wa nyumbani.

Safari ya Lourdes

Juni 1877 Zélie alikwenda Lourdes kwa gari moshi pamoja na mabinti zake watatu wakubwa, Marie, Pauline na Léonie. Bikira Maria alimtokea Bernadette huko mwaka 1858, mwaka ule ule wa arusi ya Zélie. Safari ilikuwa ya taabu tupu. Wasichana waliugua njiani, na yeye mwenyewe alijikwaa akaumia shingo. Aliingizwa mara nne katika maji ya Lourdes, na mara zote nne akatoka na ugonjwa wake.

Nyumbani Louis alikuwa akingoja habari ya muujiza, na habari haikuja. Kisha mke wake akarudi akiwa na uso wa furaha, kana kwamba amepewa alichokiomba. Louis alishangaa, na furaha hiyo ilimtia moyo.

Zélie alitaka kupona. Aliomba kwa nguvu zake zote, hasa kwa ajili ya watoto. Mungu aliposema hapana, uvimbe ulibaki pale pale na maumivu yakazidi. Kilichokosekana ni ule ugomvi na Mungu ambao ungeimaliza nyumba kabla ya kansa kummaliza yeye. Ndugu zangu, huko ndiko kutolea mateso kwa Bwana. Zélie alilia na bado akasali. Aliomba kupona na bado akaendelea kupenda, akamwachia Mungu jibu.

Si kila maumivu yavumiliwe

Hapa ni lazima tuseme jambo moja kwa uzito, maana mafundisho ya msalaba yamewahi kutumiwa vibaya katika ndoa. Léonie alikuwa mtoto mgumu, mwenye kuwatia wazazi wasiwasi, na hata shule ilimrudisha nyumbani. Mwaka 1877 iligunduliwa kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha na kumtesa kwa siri, ili mtoto amtii yeye peke yake. Zélie, mgonjwa wa kufa, hakumwambia binti yake avumilie kwa ajili ya Yesu. Alimwondoa mara moja chini ya mkono wa mtumishi huyo na kumweka karibu naye. Kuanzia siku hizo Léonie alianza kumfungukia mama yake.

Kuna maumivu yanayotoka kwa ugonjwa au kifo, na kuna maumivu yanayotoka kwa mkono wa mtu. Mke anayepigwa, au mtoto anayeonewa, hapaswi kuambiwa kwamba huo ni msalaba wake. Kinachotakiwa hapo ni kusimamisha ubaya na kumlinda aliyeonewa. Vivyo hivyo kwa ugonjwa unaotibika: Zélie alitafuta daktari, na wa zama zake hawakuweza kumsaidia. Leo mama anayesikia kivimbe katika titi aende hospitali mapema, na mume wake amsindikize. Kutolea mateso hakuchukui nafasi ya matibabu.

Mwisho na mwanzo

Tarehe 16 Agosti 1877 Zélie alimwandikia kaka yake barua ya mwisho. Siku chache baadaye Louis alimwita padre, naye akapokea sakramenti za wagonjwa watu wa nyumbani wakiwa wamemzunguka. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti, akiwa na umri wa miaka 45. Thérèse mdogo alikuwa na miaka minne na nusu.

Louis hakubaki darini na mishipi yake. Mwezi Novemba mwaka huo aliacha mji wake na marafiki zake, akahamia Lisieux ili mabinti zake watano wawe karibu na mjomba na shangazi yao. Baadaye naye alipatwa na ugonjwa wa akili, akakaa miaka mitatu katika hospitali ya Caen, kuanzia mwaka 1889. Alifariki mwaka 1894. Mabinti wote watano wakawa watawa, hata Léonie, aliyeshindwa mara kadhaa kabla ya kufika.

Tarehe 18 Oktoba 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu. Ndio mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja.

Kwa nyumba zetu

Mwenzako anapoumwa, usianze kwa kumhubiria. Kaa naye. Mwulize mambo mawili, wala usiyachanganye: unaumwa wapi, na unaogopa nini? Swali la kwanza ni la maumivu, na mara nyingi jibu lake liko kwa daktari. La pili ni la mateso, na jibu lake huanzia kwako, kisha mlipeleke pamoja katika sala. Wengi tunauliza la kwanza, tunanunua dawa, tunaona tumemaliza kazi, huku mwenzetu akibeba hofu yake peke yake usiku kucha.

Maswali ya kuzungumza mume na mke:

1. Tangu tuoane, ni pigo gani lililotuumiza zaidi? Je, lilituleta karibu au lilitutenga?

2. Kuna hofu gani ambayo sijawahi kumwambia mwenzangu, nikidhani namlinda?

3. Je, katika nyumba yetu kuna mtu anayeonewa, nasi tunamwambia avumilie?

4. Usiku wa leo, ni maumivu gani tutakayoyataja kwa jina katika sala yetu ya pamoja?

Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.