Mtakatifu Jeanne Jugan, Mzee Kati ya Wazee

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, bandari ndogo ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, akiwa binti wa mvuvi. Hakuwa ametimiza miaka minne baba yake alipopotelea baharini. Sisi wa Kamanga, tunaowaona akina mama wakisimama mwaloni alfajiri kungojea mitumbwi, hatuhitaji kuelezwa jinsi nyumba ya namna hiyo inavyobaki.

Alikua katika ufukara, akawa mpishi katika nyumba ya matajiri, kisha akahudumia wagonjwa hospitalini Saint-Servan. Posa alizikataa. Mwaka 1839, akiwa na miaka 47, alimchukua Anne Chauvin, mjane mzee, kipofu, aliyepooza upande mmoja. Alimlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akahamia darini. Punde wakafika wengine, na kufikia mwaka 1842 alikuwa akitunza wazee wapatao 40 katika nyumba iliyowahi kuwa ya watawa.

Kumpatia mzee paa si kumpatia makao. Mzee anayehama huacha mlango aliouzoea, majirani waliomwita kwa jina, na kazi iliyomfanya ajione mtu. Jeanne aliyatambua hayo. Wengi wa wazee wake walikuwa wameishi kwa kuombaomba. Yeye akawaondolea fedheha hiyo kwa kutwaa vikapu vyao. Aliwauliza ni akina nani waliozoea kuwapa, akabisha hodi katika milango ile ile kwa niaba yao. Wenye nguvu kidogo waliendelea kufanya kazi nyumbani humo, hasa kusokota nyuzi, na kilichouzwa kikasaidia wote. Ng'ambo ya ghuba yetu, kule Bukumbi, yapo makao ya wazee. Tunapokwenda kuwatembelea tukiwa na sabuni na sukari, tuulize pia mzee ametoka kijiji gani na alikuwa akifanya kazi gani.

Desemba 1843 masista wenzake walimchagua tena kuwa mkuu wao. Padre Le Pailleur, mlezi wa shirika, akaubatilisha uchaguzi huo na kumweka Marie Jamet, binti wa miaka 23. Jeanne aliendelea kuomba sadaka njiani. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ikamtunukia tuzo kwa wema wake; fedha zote zikaenda kwa wazee.

Ndipo mwaka 1852, akikaribia miaka 60, naye akahamishwa. Aliitwa kurudi katika nyumba mama ya shirika mjini Rennes, akakatazwa kuonana na wafadhili, na mwaka 1856 akapelekwa La Tour Saint-Joseph, kijijini Saint-Pern. Alikaa katika kustaafu huko kwa lazima miaka 27, bila cheo. Hiyo ilikuwa dhuluma, na sioni sababu ya kuilainisha kwa maneno ya kitawa.

Ajabu ni jinsi alivyoyafanya mahali pale kuwa kwake. Aliishi pamoja na wanovisi, ambao wengi hawakujua kuwa bibi huyu, Sista Maria wa Msalaba, ndiye mwanzilishi. Alitembea bustanini na mkongojo wake, akiwafundisha kusali na kuwapenda wazee. Alipokaribia kuwa kipofu, kama Anne Chauvin, yeye naye aliongozwa kwa mkono. Lakini unyenyekevu wake haukuwa ububu. Mwaka 1865 shirika lilipojadili kupokea mapato ya kudumu, aliitwa kutoa maoni. Alishauri wakatae, waendelee kutegemea Maongozi ya Mungu, na saini yake imo katika uamuzi huo.

Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, shirika likiwa na masista wapatao 2,400. Jiwe la kaburi lake lilimtaja kuwa sista wa tatu tu wa shirika. Mwaka 1890 Roma ilimwondoa Padre Le Pailleur katika uongozi, na ukweli ukaanza kurejeshwa polepole. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1982, na Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Mabinti zake, Masista Wadogo wa Maskini, wako pia Nairobi, katika makao yaitwayo Nyumba ya Wazee.