Benjamin Lee: Alifariki wiki mbili kabla ya chembe mpya kutangazwa

Tarehe 16 Juni 1977, mwanafizikia Benjamin Lee alikuwa safarini kuelekea Colorado na familia yake. Wakiwa kwenye barabara kuu ndani ya jimbo la Illinois, Marekani, lori lililokuwa linatoka upande wa pili liliacha njia, likavuka eneo la katikati na kuligonga gari lao. Familia ilinusurika. Lee akafariki akiwa na miaka 42.

Siku 14 baadaye Fermilab, maabara ambako Lee alikuwa akiongoza idara ya nadharia, ilitangaza kuonekana kwa chembe mpya iitwayo upsilon. Ilikuwa ndugu wa kitu ambacho yeye alishakipigia hesabu miaka mitatu nyuma.

Mtoto wa Seoul

Jina lake la nyumbani ni Lee Whi-soh. Alizaliwa Seoul mwaka 1935, Korea ikiwa bado chini ya Japani. Chuo kikuu alianza na uhandisi wa kemia, lakini fizikia ikamvuta. Akahamia Marekani, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1956 katika chuo cha Miami University (kiko Ohio, wala si Florida). Kufikia 1960 alikuwa na udaktari.

Hesabu ya 1974

Wakati huo zilijulikana kwaki tatu tu, yaani vipande vinavyounda protoni na chembe za jamii yake. Wapo waliosema lazima iwepo ya nne, wakaiita chamu. Shida ni kwamba hakuna aliyeiona wala kujua uzito wake. Sasa utaitafutia wapi?

Lee na mwenzake Mary K. Gaillard hawakujenga mashine yoyote. Walichukua kaoni, chembe ambazo zina aina mbili zenye uzito unaokaribia kulingana kabisa. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa imeshapimwa, na kama chamu ingekuwa nzito mno, tofauti ingekuwa kubwa zaidi. Wakarudisha hesabu nyuma na kupata jibu: chamu ina uzito wa kama protoni moja na nusu. Pamoja na Jonathan Rosner wakaandika pia makala ndefu ya kuwaonyesha wenye mashine namna ya kuisaka.

Novemba 1974, timu mbili, moja ya Brookhaven na nyingine ya SLAC huko California, zilitangaza chembe ile ile: J/psi, nzito kama protoni tatu na ushee. Ndani yake kuna chamu na antichamu zimeshikamana. Gawanya kwa mbili, unafika pale pale waliposema kina Lee. Viongozi wa timu hizo, Samuel Ting na Burton Richter, walipewa Nobel mwaka 1976.

Kwa nini wanafizikia walichangamka hivyo? Kwaki nyepesi ndani ya protoni hukimbia karibu na kasi ya mwanga, na kuzipigia hesabu ni balaa. Nzito mbili zikishikamana huzungukana taratibu zaidi, hivyo zinahesabika karibu kama atomu ya haidrojeni, na ngazi zake za nishati. Upsilon nayo ni hivyo hivyo, ila ni ya kwaki ya tano, botomu, na uzito wake ni kama wa protoni kumi.

Uvumi wa bomu

Huko Korea Kusini wengi wanamjua Lee kwa jambo jingine kabisa. Riwaya ya mwaka 1993 iliyouzwa sana ilimchora mhusika anayefanana naye, anayeuawa kwa sababu ya kumsaidia Rais Park Chung-hee kutengeneza bomu la nyuklia. Wasomaji wengi waliichukua kama historia.

Lakini Lee hakuwa mtu wa silaha. Fani yake haikuhusu mabomu hata kidogo, na utawala wa kimabavu wa Park alikuwa akiupinga.